Siku Niliyoacha Kukuitikia

Zulfa mwanangu,

Jambo hili sijamwambia mtu, hata Bibi. Jioni ile umeme ulipokatika ukaniita, ukaita tena na tena nisije, sikuwa kwa Mama Khadija kama nilivyosema. Nilikuwa jikoni, nyuma ya mlango, nimeuma upindo wa kanga yangu. Nilikusikia tangu mara ya kwanza.

Asubuhi yake hukuniamkia. Ulikaa mkekani na kikombe chako cha chai, ukasema bila kunitazama, "Jana ulinisusa." Nikasema nilikwenda kwa jirani kuomba kiberiti. Ukatupa macho dirishani, pale kiberiti kilipokuwa, ukarudi kwenye chai yako. Ukijua ninadanganya huwa hunibishii, unaniachia uongo wangu niubebe mwenyewe. Nimeubeba mpaka leo, na kesho unaondoka, kwa hiyo naandika.

Sasa hivi mama yako amekupeleka kuaga majirani. Nawasikia mko kwa kina Mama Khadija, wanakulisha tena ingawa umeshakula hapa. Kesho alfajiri mnakwenda Ubungo kupanda basi la Tanga. Barua hii nitaiweka chini kabisa ya begi lako, chini ya gauni la Iddi, usiikute njiani ukaanza kulia mbele ya abiria. Najua bado unasoma kwa kufuata mstari na kidole, na maneno marefu unayaruka. Yaruke tu. Utayarudia ukiwa mkubwa.

Mambo ya mswaki na ya chuo cha Kurani, na ya kutokunywa maji ya barafu ukiwa na mafua, sitayaandika. Mama yako ameshayajua. Nataka kukueleza jinsi alivyoyajua, na kwa nini kidogo asiyajue kwa sababu yangu.

Mama yako alipoachana na baba yako akaenda Tanga kutafuta kazi, ulikuwa ndiyo kwanza unatembea bila kushika ukuta. Mimi nilikuwa darasa la tano. Bibi na miguu yake inayovimba asingeweza kukukimbiza, basi ukawa wa kiunoni kwangu. Nilikuogesha, nikakulisha, nikakariri jedwali la kuzidisha nikiwa nakubembeleza, ndiyo maana mpaka leo ukisikia saba mara nane unapiga miayo. Mtu akiuliza, "Huyu mdogo wako?", Bibi alijibu mwenyewe, "Mwanawe huyo, mtoto wa dada yake." Kwetu hilo halihitaji maelezo. Mtoto wa dada ni mwanao, nawe ni mama yake mdogo. Lakini ulipoanza kusema hukusema mamdogo. Ulisema mama. Bibi alikuwa akikusahihisha, na mimi nilijifanya nina shughuli. Hata mara moja sikukusahihisha mwenyewe. Nilikuwa mtoto, na mtoto akiitwa mama anajiona amepewa nyumba nzima.

Mama yako alipokuja mwezi uliopita alikuja na akili nzuri. Hakusema anakupakia kwenye basi aondoke nawe. Alisema, "Mie nitakaa hapa kwanza, anizoee. Nikimchukua hivi hivi nitakuwa nimemwiba." Wewe ukamwita Mama wa Tanga, mbele yake, kama watu wanavyosema mchele wa Mbeya. Akacheka. Baadaye nilimkuta uani anaanua nguo ambazo hazijakauka, nikajua kule kucheka kulimgharimu.

Sasa sikiliza nilichokuwa nafanya. Ukiita "Mama", sote wawili tulikuwa tunasikia. Yeye alikuwa anasimama, na mimi nilikuwa nimeshafika. Sikukusudia, au tuseme nilikuwa nakusudia kidogo. Miguu yangu ilikuwa inakujua zaidi. Kila ulipohitaji kitu mwezi ule, ulinipata mimi, na yeye akabaki amesimama katikati ya chumba kama mgeni asiyeonyeshwa pa kukaa. Nilijiambia namsaidia. Mpaka nilipoliona jambo lile lile likifanywa na mtu mwingine, dukani, na ndiyo sababu lazima nikusimulie habari za zile kompyuta.

Unaikumbuka ya duka letu la dawa hapa Temeke. Ulikuja siku ile chuo kilipofungwa mapema, ukakisikia kile kisanduku kikipiga simu, ukasema kinalia kama paka na redio wakigombana. Wiki nzima ulikiigiza wakati wa kula mpaka Bibi akakufukuza mkekani.

Mzee Nassor ana maduka matatu ya dawa, hapa, Kinondoni na Kawe, na kila duka lina kompyuta moja. Siyo kwamba ya Temeke inajua mambo ya Temeke peke yake. Kila moja ina mambo ya maduka yote matatu, dawa ipi iko wapi na imebaki kiasi gani. Mara kadhaa kwa siku zinapigiana simu zenyewe na kuambizana yaliyobadilika. Mgonjwa akija Temeke akakosa dawa yake, mimi natazama kioo na kumwambia, usihangaike, iko Kinondoni. Unajua ninavyoogopa watu. Nilipomaliza kidato cha nne nikaajiriwa pale, wateja walidhani sina sauti. Lakini hilo la kumwambia mtu "iko Kinondoni" nililipenda. Nilikuwa nalisema nikimtazama usoni.

Mashine zilikuwa zimechoka, na watu walishaanza kusema zitachanganya tarehe mwaka elfu mbili ukifika. Mzee Nassor akanunua mpya tatu na kumwita fundi, Kaka Elia, kijana wa Same mwenye maneno machache. Nilikuwepo walipokuwa wanazungumza.

"Duka la dawa halifungwi, Elia," Mzee Nassor alimwambia. "Mtu haumwi kwa ratiba yako."

"Halitafungwa, mzee. Kwani Ijumaa mchana mnafanyaje?"

"Ijumaa tunakwenda kuswali."

"Basi mkienda kuswali mie nahamisha. Mkirudi, imekwisha."

"Na wewe huswali?"

"Yangu ni Jumapili, mzee."

Mzee Nassor akacheka mpaka akashika kaunta. "Nimepata fundi aliyeletwa na ratiba."

Kazi ilikwenda hivi. Siku za mwanzo Elia aliiweka kompyuta mpya pembeni ya ile ya zamani na kuiacha ijaze mambo yote kwa simu kutoka kwa maduka mengine mawili. Ya zamani iliendelea kuuza kama kawaida. Mpya ikishajaa, Ijumaa wakati wa swala, duka likiwa limefungwa kwa sababu yake nyingine kabisa, ya zamani inazimwa na mpya inapewa jina lile lile. Kama ilikuwa inaitwa Kawe, sasa hii ndiyo Kawe. Wenzake wakiipigia wanaitikiwa kwa jina wanalolijua, wala hawaambiwi kwamba mwili ni mwingine. Na hakuhamisha mbili kwa pamoja. Moja ikiwa kwenye njia, mbili zilizobaki zilikuwa zinajua kila kitu na zinaweza kuulizana. Nilimwuliza kwa nini asimalize yote siku moja apumzike. Akasema, "Zote tatu zikiwa njiani, nani atamkumbusha mwenzake?"

Akaanza na Kawe, na Kawe ndiko kulikoharibika.

Pale yuko Bi Tatu, mama mtu mzima anayejua wagonjwa wa Kawe kwa majina ya watoto wao. Asubuhi ya Ijumaa, kabla ya swala, Elia aliitoa kompyuta ya zamani kwenye waya wa simu akaipa ile mpya waya huo. Akamwambia Bi Tatu kwamba kuanzia sasa mpaka watu warudi msikitini, atakachouza akiandike kwenye vikaratasi, asiiguse ile ya zamani, kwa sababu haiongei tena na wenzake. Bi Tatu akasema sawa, mwanangu. Swala ikaisha, mpya ikaitwa Kawe, kila mtu akaona kazi imekwisha.

Jioni ile akaja baba mmoja Temeke na kasha tupu la dawa ya kuvuta ya mtoto wake mwenye pumu. Sisi hatukuwa nayo. Nikatazama kioo, kikaniambia iko Kawe. Nikamwambia nikimtazama usoni, kama ninavyopenda. Alikwenda huko kote, akakuta hakuna, ya mwisho ilikuwa imeuzwa asubuhi. Akarudi. Hakunifokea. Alisimama mlangoni akasema tu, "Binti, umenituma mbali." Tukampigia simu mwenzetu wa Kinondoni, aliyekuwa ndiyo kwanza amepokea mzigo mpya, akamtuma mtu ailete mkononi, na mtoto alikuwa hajazidiwa. Lakini nilikaa na lile neno lake usiku kucha.

Kesho yake Elia alinichukua Kawe nikamsaidie kusoma. Bi Tatu alitukaribisha kwa kahawa.

"Bi Tatu," Elia akamwuliza, "jana asubuhi ulikuwa unaandika wapi?"

"Si kwenye vikaratasi ulivyonipa."

"Viko wapi?"

Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Hivi hapa viwili."

"Na wateja wengine?"

Akanyoosha kidevu kuelekea kompyuta ya zamani, iliyofunikwa kitambaa cha maua alichokidarizi mwenyewe. "Wengine niliwaandika mule."

"Nilikuambia usiiguse, mama."

"Uliniambia. Lakini nilipoigusa ilinijibu. Kitu mmekaa nacho miaka, unakigusa kinakujibu vizuri, utakiachaje? Hiyo mpya yako ilikuwa imekaa tu pale, haijui lolote."

"Haijui kwa sababu unayoiambia ni hii, mama. Kila mpya inapokaribia kujaa, wewe unaongeza huku."

Bi Tatu akaketi. Alipotambua kwamba kuna mtu alizungushwa mjini kwa ajili ya hilo, alijifuta uso kwa kitambaa kile kile cha maua. "Basi nimeikosesha mwenyewe," akasema, "halafu nikailaumu kwamba haijui."

Nilikuwa nimesimama na kikombe cha kahawa mkononi, Zulfa, na masikio yanawaka moto. Nilidhani wote wawili wananitazama. Hakuna aliyenitazama. Elia alishaiwasha ile ya zamani, akaniambia nisome yaliyoandikwa asubuhi ile, nikasoma jina la dawa moja moja, yeye anaandika kwenye mpya. Nilikuwa nakwama njiani, akadhani naogopa majina magumu.

Hakumgombeza Bi Tatu. Tulipokuwa tunaondoka alisema kosa ni la kwake. Alimwambia mtu aache mazoea, na mtu haachi mazoea kwa kuambiwa. Alipaswa kuifanya mashine yenyewe ikatae. Temeke, akasema, ataifunga ile ya zamani ikubali kusomwa lakini isipokee kuandikiwa. Ukitaka kuitazama itakuonyesha yote. Ukitaka kuongeza neno, itakataa.

Jioni yake nyumbani ukaita, "Mama, maji." Nilikuwa nachambua mchele uani. Mama yako alikuwa ndani, jirani na mtungi, ameshachota, kikombe kimejaa mkononi. Nikapita mlangoni na kikombe changu, nikakupa, ukanywa. Nilipogeuka nikamwona. Aliyanywa maji yake taratibu, yote, kama kwamba alikuwa amejichotea mwenyewe.

Hapo ndipo nilipojua.

Wiki iliyofuata ilikuwa ya Temeke. Kabla ya Ijumaa nilimwuliza Elia, na nilijiandaa siku mbili kumwuliza, unanijua.

"Kaka Elia, ile ya zamani ikikataa kuandikiwa, si ndiyo imekufa?"

"Imekufa kwa nini? Si inasomwa? Mtu akitaka kujua jambo la nyuma anaiuliza na inamjibu. Ila jipya haipokei."

"Mpaka lini?"

"Mpaka watu waache kuiuliza." Akanitazama. "Mbona unaihurumia hivyo?"

Nikasema nimeizoea. Hilo lilikuwa kweli.

Ijumaa ikafika. Wanaume wakaenda msikitini, Mzee Nassor akashusha mlango wa bati nusu, nikabaki mimi na Elia na feni. Kompyuta ya zamani tangu asubuhi ilikuwa inakataa. Nilijaribu mara moja kwa mazoea, kidole kilikwenda chenyewe, nayo ikaandika kwenye kioo kwamba haipokei. Nilishangaa jinsi neno lile lilivyoniuma, kutoka kwa mashine. Basi nikahamia kwenye kiti cha pili, mbele ya ile mpya, nikaanza upya kutafuta herufi zilipo. Nilikuwa mzito kama siku ya kwanza ya kazi. Mteja aliyepita akachungulia chini ya bati akaniuliza kama nimepata ulemavu. Lakini kila nilichoandika kilibaki pale kilipotakiwa kubaki. Elia akaivua ya zamani jina la Temeke, akaiacha isomwe tu, akaipa mpya jina hilo, akaniambia nibonyeze mwenyewe. Kisanduku kikalia kama paka wako na redio, Kinondoni ikaitikia, kisha Kawe ikaitikia. Watu waliporudi Mzee Nassor aliuliza, "Haya, mnaanza saa ngapi?" Elia akamwambia, "Tumeshamaliza, mzee. Tunakusubiri uuze."

Jioni ya siku ile umeme ukakatika.

Unajua desturi yetu. Giza likiingia ghafla unaita, na mimi nasema "Nipo" popote nilipo, halafu nakuja. Umeita hivyo tangu ukiwa hujui kutamka vizuri. Mama yako alikuwa kitandani nawe, amekuja kukutandikia. Bibi alikuwa ameketi barazani na wenzake. Nilikuwa jikoni. Ulipoita neno likanifika mdomoni, na nilikuwa nimeshalifungua domo. Nikalifunga kwa kanga.

Ukaita tena. Sitakwambia ilikuwaje kwangu. Utakuja kuwa na mtoto, au hutakuwa naye, lakini kuna siku mtu unayempenda atakuita na utajua kwamba ukiitika unamharibia. Siku hiyo usiamini miguu yako. Miguu inajua njia ya zamani tu. Sikushauri ujifiche, mimi nilijificha kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kumwambia mama yako na wewe mbele ya macho yenu kwamba kuanzia leo mwite yeye. Mtu mwingine angesema. Mimi nina mlango wa jiko.

Nikamsikia mama yako. "Nipo."

Ukasema, "Siyo wewe."

"Najua. Lakini nipo."

Ukalia. Ukalia kile kilio chako cha hasira, cha kupiga godoro kwa kisigino. Yeye hakukunyamazisha. Alingoja kidogo, kisha akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza njia katika mji asioujua, "Yeye hufanyaje?"

Halafu ukasema kwa kwikwi, "Hunishika sikio."

"Hili?"

"Hapana. Hili hapa."

"Hivi?"

"Siyo hivyo. Polepole. Na haongei ongei."

"Haya."

"Na hupuliza hapa juu."

Nikasikia akipuliza. Ukamwambia amepuliza mno, unataka kidogo. Akapuliza kidogo. Ukamwambia, "Sasa hesabu za saba." Na mama yako, ambaye hesabu zilimkimbiza shule, akaanza saba mara moja, akakwama kwenye saba mara sita, ukamtajia wewe mwenyewe. Akakwama tena, ukacheka. Nilikuwa nyuma ya mlango nasikia mtoto akimfundisha mtu mwingine mimi nikoje, moja baada ya jingine. Wala hukusahau kitu. Mambo mengine hata mimi nilikuwa sijui kwamba nayafanya. Nilikuwa sijui napuliza.

Nililia, lakini si kwa huzuni yote. Nilikuwa nimeogopa mwezi mzima kwamba ukienda, yale ya kwetu yatapotea njiani, kwa kuwa ni mimi peke yangu ninayeyashika. Kumbe ulikuwa nayo wewe, na ulikuwa tayari kumpa. Alikuwa hajapata nafasi ya kukuuliza, kwa sababu kila alipofungua mdomo mimi nilikuwa nimeshafika na kikombe.

Umeme ulirudi ukiwa umelala. Nikatoka kwa mlango wa uani, nikazunguka nyumba, nikaingia kwa mbele kama mtu anayetoka kwa jirani. Mama yako alikuwa bado amekushika sikio. Alijiwekea kidole mdomoni, nisikuamshe. Mimi nikaambiwa nisikuamshe, Zulfa. Nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Tangu siku ile nilianza kukataa kidogo kidogo, na uliona, na ulikasirika. Ukiniletea chanuo nilisema mkono unaniuma. Ukiniuliza unavaa nini nilisema mwulize mama. Ulimwambia Bibi, "Mama Hawa amekuwa mvivu," na Bibi, ambaye haambiwi kitu lakini anajua, akakujibu, "Amekua." Uliniita Mama Hawa siku hiyo kwa mara ya kwanza. Hukutambua ulichosema. Mimi nilikuwa napika, nikaacha vitunguu viungue.

Sasa nataka uelewe ni kitu gani nimekataa na kitu gani sijakataa. Ukiwa Tanga ukataka kujua ulianza kutembea lini, au kovu la gotini lilitoka wapi, au Bibi alikuwa anaimba nini akikulaza, niandikie uniulize. Nitakujibu yote, na sitachoka kuulizwa mara mbili. Yapo, hayafutiki. Lakini ukiota ndoto mbaya, ukipata rafiki, ukigombana naye, ukianza kuona haya kama mimi, usiyaweke mpaka uje likizo kunipa. Mpe aliye karibu, siku ile ile, hata kama anapuliza mno. Yeye akishayajua ataniandikia, nami nitayajua kutoka kwake, na nitafurahi kuyapata hivyo. Nimejizoeza kulisema hili kwa sauti mara kadhaa mchana wa leo wakati hampo, mpaka likatoka bila kukwama.

Na kuhusu kuona haya, kwa kuwa nadhani umerithi kwangu ingawa hukutoka tumboni mwangu: hakuondoki. Mimi bado natazama kaunta. Lakini nimegundua kwamba mtu mwenye haya anaweza kufanya jambo gumu kuliko watu wanavyomdhania, ilimradi asilazimishwe kulieleza. Ukikuta jambo kama hilo, lifanye kwanza. Maelezo yanaweza kungoja, kama haya yaliyongoja.

Leo mchana mama yako alinisaidia kufunga begi lako. Akasema, "Hawa, nikwambie kitu? Siku ile ya giza, ulipokwenda kwa Mama Khadija, ndiyo niliyojua naweza. Hapakuwa na mtu, nikamtuliza mwenyewe. Ungekuwepo asingenikubali." Uso wake ulikuwa umefunguka, sijauona hivyo tangu arudi. Alikuwa anangoja nimjibu. Nikakunja soksi zako, nikamwambia, "Umemweza, dada."

Nilitaka kumwambia. Nilitaka ajue kwamba haikuwa bahati, kwamba kuna mtu aliuma kanga ili apate nafasi. Halafu nikaona ningekuwa nimefika tena na kikombe changu kabla yake. Ile jioni ni ya kwake. Aliipata gizani bila msaada wa mtu, hivyo ndivyo anavyoijua, na atasafiri nayo kesho, na siku utakayomsumbua huko Tanga atajikumbusha kwamba aliwahi kukuweza akiwa peke yake.

Nawasikia mnatoka kwa kina Mama Khadija. Unamwuliza jambo, na anakujibu kabla hujamaliza. Naikunja barua. Wewe nimekwambia kwa sababu ulikijua kiberiti kilipokuwa, na sikutaka uishi ukidhani nilikususa. Lakini yeye, mwanangu, hata mkiwa mmezoeana kiasi cha kuambiana yote, hata mkiwa mnacheka habari za siku ile, usimwambie kwamba nilikuwepo.

Mamdogo wako,
Hawa